Masikio Elfu Nane

Wapendwa, asubuhi hii naomba tupige hesabu pamoja, polepole, mpaka tuone inatufikisha wapi.

Palikuwa na fundi mitambo aliyeendesha spika za mwanamuziki mmoja kwa miaka kumi na mmoja. Mwanamuziki huyo alipendwa nchi nzima. Akinyamaza na kuuelekezea umati maikrofoni, umati ulimmalizia wimbo, na fundi, nyuma ya mitambo yake, alisisimka mwili kana kwamba ndiyo siku yake ya kwanza kazini.

Walikuwa na desturi yao. Kabla ya kupanda jukwaani, mwanamuziki alipumzika hemani, huku bendi ndogo ikiwachangamsha watu. Taulo jeupe likitundikwa kwenye kamba ya hema, fundi alipandisha sauti ya ngoma. Aliambiwa kwamba bosi anapenda kuonja joto la umati kabla hajatoka. Naye hakuuliza zaidi. Ni nani kati yetu huuliza, kazi ikiwa nzuri?

Kisha binti mmoja akaenda polisi. Alisema kwamba alasiri ya tamasha mwanamuziki alimwita hemani, akamzuia asitoke, akamdhuru vibaya. Akajitokeza wa pili, na wa tatu. Redio zikaacha kupiga nyimbo zake. Mitaani wengi walisema mabinti wanatafuta umaarufu, na fundi alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Alipoombwa kuwa shahidi wa utetezi, alijipigia pasi shati, akaenda kama mtu aendaye kumtetea ndugu wa damu.

Mlangoni mwa mahakama meneja wa mwanamuziki alimshika bega. "Kaka, swali ni moja, na jibu ni neno moja. Jumamosi tuna shughuli Dodoma, vyombo vikae tayari."

Akapanda kizimbani. Wakili wa utetezi alimuuliza siku ile walihudhuria watu wangapi. Fundi akakadiria elfu nne.

"Basi masikio elfu nane," wakili akasema, na watu wakacheka. "Binti huyu ameiambia mahakama kwamba alipiga kelele, mara ngoma zikapanda, akajua hakuna atakayekuja. Wewe ulikuwa hatua kumi na tano kutoka hema lile. Ulisikia kelele?"

Fundi akafungua kinywa atamke neno lake moja, ndipo maneno ya wakili yakamrudia. Ngoma zikapanda. Zilipandishwa na nani? Akautazama mkono wake wa kuume juu ya ukingo wa kizimba kama mkono wa mtu mwingine. Akaanza kuhesabu: tamasha lile, na la Tanga, na lile la uwanja wa shule. Taulo, taulo, taulo.

"Sikusikia," akasema. Wakili akaanza kuketi.

"Sikusikia, Mheshimiwa Hakimu, kwa sababu ni mimi niliyepandisha zile ngoma. Nilionyeshwa taulo. Nilidhani ni burudani."

Na yule binti, aliyeinamia sakafu tangu kesi ianze, aliinua uso.

Mtaniuliza hukumu ilikuwaje. Hiyo ni kazi ya hakimu, na mfano wangu haufiki huko. Mimi natetemeka mbele ya hesabu nyingine. Masikio elfu nane, na halikusikia hata moja. Lakini Mungu alisikia. Akatafuta shahidi, na akamtoa wapi? Katika orodha ya utetezi, amevaa shati lililopigwa pasi!

Sisi hatujamfungia mtu hemani. Lakini ni mara ngapi tumepandisha ngoma? Mjomba anayesomesha ukoo mzima akitajwa kwa ubaya kama huu, tunasema kwa sauti, "Yule? Haiwezekani," na binti aliyekuwa ameanza sentensi anaimeza. Hata vigelegele vyetu humu ndani, wapendwa, vyaweza kumfunika mtu aliyekaa benchi la tatu.

Kwa hiyo leo kwaya haitaimba baada ya mahubiri. Tutakaa kimya dakika tano. Mama mchungaji yuko ofisini, na mlango uko wazi. Mwenye neno lake na ainuke, aende. Sisi wengine tusigeuze shingo kumtazama.