Tela la Bi Pimbi

Sogeeni, sogeeni! Wewe wa mwisho, rudishia mlango. Kwanza mniapie, maana hii siyo ya kutembeza. Hadithi!

— Mwaga!

Nikimwaga mtazoa?

— Tutazoa!

Mkiipeleka kwa jirani?

— Ulimi uote manyoya!

Haya, mmeapa wenyewe, mimi simo.

Basi alikuwepo Bi Pimbi, mdogo hivi, mkia hana, ila mdomo anao! Kila masika maji yanamwingilia pangoni, anahama na sufuria kichwani. Kachoka! Safari hii akajenga kibanda cha mabanzi na bati, kidogo: anaenea yeye, jiko la mkaa na godoro lake, basi. Akasema, "Mvua ikija, nahama na nyumba yangu!" Punda kakubali kuvuta. Kimebaki kitu kimoja, tela la kukibeba. Na matela yote pale mtoni ya nani? Ya Kiboko!

Huyo, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba tela."

"Marahaba. Chukua lile pale."

Lile pale la kubebea magogo, refu kama foleni ya maji! Kibanda juu yake kama chawa kwenye mkeka. Punda kavuta, hiiii! Wapi, halisogei. Pimbi akashika kiuno: "Jamani, mimi na huyu mzee!" Akarudi, tiki tiki tiki.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Lile zito."

"Marahaba. Chukua lile kule."

Lile kule jepesi kweli, lakini gurudumu moja limepinda, jingine limeliwa na kutu. Kibanda kupakiwa tu, kacha! Chini. Bati likajikunja. Pimbi akashika kiuno: "Jamani, mimi na huyu mzee!" Akarudi, tiki tiki tiki.

Sasa lipo la tatu. Fupi, la chini, magurudumu mawili mazima, upana sawasawa na kibanda. Pimbi alishalipima kwa kamba mwenye tela akikoroma. Maana ndiyo kitanda cha Kiboko hicho! Mtu mzima ana mto wote wa kuogelea, lakini analala juu ya tela, pembeni ya tope, ili mwenzie asilipate!

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nataka hilo ulilolalia."

"Hili?" Kiboko akacheka, ho! ho! ho! "Punda, wewe shahidi. Siku mkilikuta tupu, lichukueni!"

Mbingu ikanguruma, guruguru. Pimbi akaona mvua hiyo. Akalitazama lile tela. Magurudumu yapo katikati, Kiboko kalala katikati, ndo maana limetulia. Akaenda kuchuma matikiti, akayapanga nyuma kabisa, upande wa tope.

"Mzee wangu, mkubwa anakaa nyuma. Mbele ni pa mizigo."

"Nani mzigo?"

"Watu wanasema, mzee. Mimi nanyamaza."

Kiboko akaliona tikiti. Akasogea. Nyaku!

"Jingine?"

"Nyuma kidogo, mzee."

Akasogea. Nyaku!

"Jingine?"

"Nyuma kidogo, mzee."

Akasogea... Weee! Mkono wa mbele wa tela ukaruka juu, tela likasimama wima, Kiboko huyooo, chubwi! Tope mpaka masikioni. Tela likarudi chini, kwaa!

"Nimesukumwa!"

"Na nani, matikiti?" Pimbi akageuka. "Punda, unamwona mtu kwenye tela?"

"Naona maganda," Punda akasema. "Mtu simwoni."

Tone la kwanza linadondoka, kibanda kipo juu, jiko mbele, godoro mbele, siyo nyuma! Wakaondoka. Kiboko akapiga kelele topeni, "Na mimi nitalala wapi?"

Pimbi akatoa kichwa dirishani: "Chukua lile kule!"

Kwakwakwa! Jamani, mbavu zangu!

Mnataka funzo? Mkubwa akikupa kibovu, pokea, shukuru, kaa utulie. Subira yavuta heri, wanangu. Tela ndo linavutwa na punda.

Nimemwaga, mmezoa, chungu kitupu. Mimi kaniambia Mama Sikudhani wa mashine ya kusaga. Na yeye aliapishwa kama nyie, na ulimi wake mpaka leo laini, hauna hata unyoya.