Ubao wa Pasi wa Mama Mnyoosho

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Mtaa mzima ulimwita Mama Mnyoosho, na hata mumewe, aliyekuwa akifua nguo uani, alimwita hivyo hivyo. Suruali iliyopita mikononi mwake ilijulikana kwa mbali, kwani mkunjo wake ulisimama wima kama ukingo wa rula. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha pana, kamba tatu za kutundikia nguo, pasi mbili nzito za umeme na, katikati ya yote, ubao wa pasi wa mbao.

Ubao huo ulichongwa na baba mkwe wake, seremala, mwaka ule ule Mama Mnyoosho alipoolewa. Miguu yake ilipishana kama mkasi na kujifunga kwenye pengo lililochongwa ndani ya mti wenyewe. Ncha yake moja ilikuwa nyembamba, ya kuingizia mikono ya mashati. Juu yake palitandikwa blanketi lililokunjwa mara mbili, kisha kitambaa cha pamba ambacho moto wa miaka mingi ulikipa rangi ya chai. Ulikuwa mzito kama nanga, na kila ulipofunguliwa ulilia kama mlango wa ghala. Mzee alikwisha kufariki. Ubao ulikuwa unaingia mwaka wa ishirini na mbili wala haujawahi kutikisika.

Asubuhi moja alipita muuzaji wa vyombo vya nyumbani, kijana mtanashati mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Begani alikuwa na ubao wa pasi mpya wa chuma. Aliusimamisha sakafuni kwa kidole kimoja.

"Mama, dunia inakwenda mbele, wewe bado umesimama na gogo?" akasema huku akitabasamu. "Tazama. Una magurudumu. Una kulabu ya kutundikia. Na kitambaa chake ni cha rangi ya fedha, hakishiki moto."

Akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akakipiga pasi, na kufumba na kufumbua kikawa laini kama jani la mgomba. Mama Mnyoosho hakujiuliza ni mteja gani aliwahi kumletea dobi kitambaa cha mfukoni. Macho yalikwisha kupenda, na macho yakipenda, akili huaga. Akaununua.

Adhuhuri ile aliuburura ubao wa zamani hadi nje na kuuegemeza karibu na pipa la taka. Chumba cha jirani kilikuwa cha wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa cherehani. Mawifi hao walikuwa wakitaniana kupitia ukuta kutwa nzima, mmoja akichokoza, mwingine akijibu, hata wateja wakasahau walichofuata. Fundi alitoka, akasimama mbele ya ule ubao.

"Wifi, huu ni ubao wa baba."

"Najua. Lakini hata baba angekuwepo angekuwa ameuchoka. Kama una nafasi, chukua."

Fundi aliuinamia, akaunyanyua taratibu kama anayembeba mgonjwa, akaingia nao ndani. Tangu siku hiyo salamu zake zikawa kavu, na ukuta ukanyamaza. Mama Mnyoosho aliliona hilo. Akajitia hamnazo.

Wiki mbili zilipita bila matata. Wateja walisifu ubao mpya, naye alivimba kichwa. Kisha, Ijumaa asubuhi, mwalimu wa kwaya aliingia akihema nyuma ya furushi la majoho thelathini ya zambarau, kila moja na marinda kuanzia kifuani hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Fainali ya mashindano ya kwaya ni kesho saa nane mchana," alisema. "Nimewaambia wenzangu, majoho yakipita kwa Mama Mnyoosho, woga unatutoka wote."

Mama Mnyoosho alikunja mikono ya gauni, akaanza. Rinda lilihitaji kukandamizwa kwa nguvu, na alipokandamiza, sponji ya ubao mpya ilibonyea. Alipoinua joho la kwanza, wavu wa chuma uliokuwa chini ulikuwa umejichora juu ya marinda, nguo ikawa kama ngozi ya kenge. Akalirudia. La pili likawa vile vile. Kwenye joho la tatu, la mwimbaji kiongozi, alijikaza kisabuni na kuegemea kwa uzito wake wote. Mguu wa chuma ukateleza na ubao ukapiga magoti. Aliidaka pasi kabla haijafika sakafuni, lakini kile kitambaa cha fedha kilikuwa kimeyeyuka na kugandia kwenye pindo la joho, kiraka kinachong'aa, ukubwa wa kiganja.

Mumewe aliingia kutoka uani, mapovu yakimchuruzika viwikoni. Alitazama ubao, akatazama joho, akamtazama mkewe.

"Pa kwenda unapajua," alisema kwa upole. "Tena mimi usinitume."

Mama Mnyoosho alibaki amesimama, joho mkononi. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kutoka mlango wake hadi mlango wa wifi yake zilikuwa hatua saba, lakini siku hiyo zilimwelemea kuliko safari. Akapiga moyo konde.

"Hodi, wifi."

"Karibu," Fundi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

Ubao wa mzee ulikuwa umesimama chini ya dirisha, umevishwa kitambaa kipya cheupe kilichoshonwa pindo safi pembezoni. Mama Mnyoosho aliugusa ukingo wake.

"Nimekuja kusema nimekosea. Niliutupa ubao wa baba mbele ya macho yako, tena nikamsemea maneno ambayo hakuyasema."

Cherehani ikanyamaza. "Niliumia, wifi," Fundi alisema. "Si kwa sababu ya mbao. Baba alikaa wiki nzima akiipiga randa ile ncha. Kila jioni alivua shati lake mwenyewe, akaiingiza ncha kwenye mkono wa shati kupima. Alisema mke wa mwanawe asije akahangaika na kazi kwa sababu ya chombo kibovu."

"Hilo sikulijua."

"Hukuwahi kuuliza." Kisha midomo ya Fundi ikaanza kumcheza. "Haya, sema lililokuleta. Nakujua, hukuja kwa toba peke yake."

Mama Mnyoosho akasimulia yote: sponji, ngozi ya kenge, ubao uliopiga magoti. Alipofika kwenye kiraka cha fedha, Fundi alicheka hadi futi ya kitambaa ikamdondoka shingoni. Mama Mnyoosho alijaribu kukaza uso, akashindwa, naye akaangua kicheko. Walicheka hadi wakashikana mabega.

"Ubao hautoki humu," Fundi alisema akijifuta machozi. "Lete majoho."

Kazi ikaanza. Blanketi lilikunywa mvuke na mbao ikarudisha joto, hivyo kila rinda lilishikwa juu na chini. Mama Mnyoosho aliegemea kwa nguvu zake zote na ubao haukusogea hata unywele. Pembeni yake Fundi alilikata pindo lililoharibika, akalikunja upya na kulishona. Utani uliofungiwa wiki mbili ulimwagika wote siku hiyo. Jua lilipoelekea kutua majoho ishirini yalikuwa yanapumua kwenye kamba. Kumi yaliyobaki yaliwahiwa asubuhi ya Jumamosi.

Mwalimu alipoliona joho lililofupishwa, Mama Mnyoosho alimweleza ukweli wote bila kuficha. Mwalimu alilipima kwa macho, akacheka. "Bora. Mwimbaji wangu ni mfupi, kila mara alikuwa akilikanyaga."

Mchana ule mawifi walikaa safu ya nyuma ukumbini. Kwaya iliingia, na kwa kila hatua marinda ya majoho thelathini yalifunguka na kufungika pamoja kama mabawa. Mwimbaji kiongozi alitembea kwa madaha, hakujikwaa. Kwaya ilishinda kwa sauti zake, hilo halina ubishi, lakini Fundi alimbana wifi yake kiwiko na kumnong'oneza, "Hata majaji wametazama pindo langu."

Jumatatu Mama Mnyoosho hakuomba kurudishiwa ubao. Aliomba ruhusa ya kuja kupiga pasi pale. Fundi akamtazama, akautazama ukuta, na wiki haikuisha kabla mume wa Mama Mnyoosho hajamwita mwashi kutoboa mlango kati ya vyumba viwili. Ubao ukasimamishwa hapo mlangoni, upande mpana kwa dobi, ncha nyembamba kwa fundi. Ule wa chuma ulipelekwa uani kuanikia soksi, na upepo ukizidi kidogo, hupiga magoti. Muuzaji wake hakuonekana tena mtaani. Mkeka wako mkuukuu hukuhifadhi kila siku, lakini msala wa mpita njia huondoka na mwenyewe. Ndiyo maana wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.