Nani Aliyemkalisha Ikupa?

Sogeeni karibu. Mwenye lake la kusema na alihifadhi kwanza, maana mwisho wa hadithi hii nitauacha mikononi mwenu, na mimi sitawasaidia.

Palikuwa na mji wa milimani ambako mawingu hayakubali kubaki juu. Asubuhi hushuka, yakapita sokoni, yakaingia mpaka majikoni mwa watu, na jua likipanda huondoka bila kuaga. Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Ikupa, aliyeendesha gari kwa namna ambayo hata waliomwona walishindwa kuieleza. Gari lake lilikuwa jekundu, la mbio, la milango miwili na viti viwili, limelala chini karibu na ardhi. Humo ndimo alimokuwa na furaha. Nje ya gari alikuwa mtu wa kawaida tu, tena mwenye haya.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, Ikupa alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwake akavunjika nyonga ya kushoto. Gari halikuhusika kabisa, na hilo lilimuudhi kuliko maumivu. Mfupa uliunga, lakini mguu ukagoma kunyanyuka kama zamani. Kiti chake cha siku zote garini kikamgeuka. Kingo zake zilimzuia kuingia, ugumu wake ulimchoma akishaingia, na kwenye kona kali alijikuta anateleza huku na huku. Akakifungua, akakitupa uani. Tangu hapo akilala aliota analiendesha gari lile lisilo na kiti, amekaa juu ya ukungu, na kila akifika kwenye kona ukungu unamwachia.

Mbio za mji ule zilikuwa na desturi yake. Mshindi alizunguka uwanja mara moja, taratibu, huku kwenye kiti cha pili amempakia mtu mmoja aliyemwezesha. Watu walimuuliza, "Nani kakukalisha?" Naye akamtaja mmoja tu, na jina hilo likaandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kushoto, lisifutwe tena. Ikupa hakuwahi kushinda. Mlango wake wa kushoto ulikuwa mtupu, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mbio za mwaka ule ndizo za mwisho kwake.

Akawaita mafundi watatu, akawaambia wote neno moja: "Nataka kiti nikae." Wakaitikia kwa vichwa. Kila mmoja aliona neno hilo halihitaji maelezo.

Wa kwanza kushika kazi alikuwa Asajile, mchomeleaji wa vyuma, ambaye akikutazama umesimama anajua uzito wako umeegemea wapi. Kwake yeye, kukaa ni kubaki pale ulipowekwa. Alimketisha Ikupa kwenye udongo mbichi wa mfinyanzi, akamwambia ajigeuze kana kwamba yuko kwenye kona, kisha akakunja chuma kwa kufuata alama za mwili wake. Kingo zikapanda mpaka mbavuni, nyingine zikakumbatia mapaja.

"Gari likigeuka, utageuka nalo," alisema. "Hutakwenda peke yako."

Wa pili alikuwa Gwakisa, fundi makochi, mtu mnene mwenye vidole vyepesi. Alikikalia chuma kile, akainuka haraka. "Ndugu yangu, hiki ni kizimba cha kuku," alimwambia Asajile. Kwa Gwakisa, kukaa ni kusahau kwamba umekaa. Hakujaza ulaini kila mahali, kwa sababu alijua kiti laini mno humyumbisha mtu. Aliweka sponji ngumu mgongoni na mapajani, na chini ya nyonga ile mbovu tu akaweka sufi, akiichambua kwa mkono na kuipapasa mpaka alipoacha kusikia hata kidonge kimoja. Ikupa alipojaribu kukaa alipitiwa na usingizi palepale, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke hakuota kitu. Mafundi wakashusha sauti zao.

Alipoamka hakuweza kutoka. Ikabidi Asajile na Gwakisa wamvute kwa mikono, mmoja huku na mwingine kule, na ndivyo alivyowakuta fundi wa tatu, Tumpe, mshona magauni, akiingia uani na mkasi wake shingoni.

"Shikamoo mama," Ikupa alisema akiwa bado ananing'inia.

"Marahaba, mwanangu. Wanakuvua au wanakuvika?"

Tumpe alikuwa na kipaji cha kujua nguo itakavyovaliwa na mwenye mkono unaouma au mguu usiopinda. Kwake yeye, kukaa ni kama gauni linavyomkaa mtu, na gauni lisilovalika hata likipendeza ni la kutundikwa ukutani. Akachora mstari wa chaki kwenye ubavu wa kiti ulio upande wa mlango. Hapo alitaka mpasuo.

"Ukiukata ubavu huo umeniharibia kazi yote," alisema Asajile.

"Nitaukata, halafu nitaufunga."

Ubavu ukatolewa. Tumpe akaurudisha kwa ngozi nene aliyoishona mara mbili, ukawa unalala chini mtu akiingia na kusimama imara akishabana kishikizo chake. Asajile aliupiga teke, haukutikisika. Akanuna mpaka jioni.

Siku ya mbio ukungu ulikuwa mzito, hata magari yalionekana kama mtu ameyawaza tu. Sheria ilitaka madereva wasimame ng'ambo ya barabara, na ngoma ikilia wakimbilie magari yao. Ikupa alifika wa mwisho akichechemea, lakini wenzake walikuwa bado wanapanda kingo za viti vyao kwa kusukumana na usukani. Yeye aliketi, akabana kishikizo, akaondoka.

Kisha ikaja barabara ndefu ya mashamba ya chai, yenye mawe na mashimo. Madereva walianza kusimama mmoja mmoja, wakashuka kunyoosha migongo. Ikupa alipita katikati ya kijani na weupe akiwa hajui ameendesha kwa muda gani. Nyonga ilikuwa kimya.

Ikabaki kona ya uwanjani na gari moja mbele yake. Dereva wa gari lile alikata kona kwa nguvu, mwili ukamteleza, mguu ukakosa kanyagio la mafuta. Ikupa naye alikata kwa nguvu ileile. Hakuteleza hata kidogo, akampita, akashinda.

Watu wakalizunguka gari jekundu. Mtu wa kupaka rangi alipiga goti kwenye mlango wa kushoto, brashi mkononi. "Nani kakukalisha?"

Mafundi watatu walikuwa wamesimama pamoja.

"Asiyeingia garini hana safari," alisema Tumpe.

"Walioingia ni wengi, mama," Gwakisa alimjibu, "ila njiani walishuka."

"Na yule wa mbele hakushuka," alisema Asajile. "Kashindwa kwenye kona."

Ikupa aliwatazama, machozi yakamlengalenga, kwa sababu wote walisema kweli na kila mmoja alimpenda kwa namna yake. Akajaribu kukumbuka siku ile alipowaambia anataka akae, alikuwa na maana gani. Alitafuta moyoni asione maana moja. Alijua tu kwamba akimtaja mmoja, wawili watarudi nyumbani kwa miguu, na mwaka ujao wa kuwapoza haupo.

"Taja, dada," alisema yule wa kupaka rangi. "Rangi inakauka."

Ikupa akafungua mdomo, na mimi naufunga wangu hapa. Nielezeni nyinyi: mtu huwa amekaa anapoweza kuingia, anapotulia, au anapotikiswa asitoke? Mlango ni mmoja na jina ni moja. Wewe ungemtaja nani?