Miche ya Mzee Wario

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali zamani hii ya juzi ambayo vumbi lake halijatua, palikuwa na kijiji kiitwacho Elboru, katikati ya jangwa la kaskazini. Sogeeni karibu, maana hadithi hii inataka mahakimu, na mahakimu ni nyinyi.

Watu wa Elboru walifuga ngamia na mbuzi. Jani likichomoza, lilikuwa la mnyama. Binadamu alikunywa maziwa, akashukuru. Basi akaja bibi shamba, Madam Kagendo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akatangaza: "Natafuta waelimishaji wa bustani, wa kujitolea. Mshahara hakuna, posho hakuna. Kuna jua, kuna samadi, na kuna kubishana na watu."

Wakajitokeza watatu. Wa kwanza ni Elema, aliyesoma mpaka kidato cha nne na hakuwahi kuachana na daftari. Wa pili ni Boru, mcheshi, aliyekuja kwa kuwa alisikia kuna chai. Wa tatu ni Talaso, mama wa watoto wawili, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

Huyu Talaso tumtazame vizuri. Miezi mitatu ya mafunzo alikuwa na furaha mpaka akaionea haya. Alijifunza kuchimba, kuchanganya samadi, kutambua mdudu mbaya na mdudu rafiki. Akiitwa mwanafunzi, alitabasamu kutwa nzima. Ila kuna neno alilolitamani zaidi: alitaka kuitwa mwalimu. Hakumwambia mtu, na lilimkaa kooni.

Mafunzo yalipokwisha, Madam Kagendo akainua keni ya kumwagilia maji, ya bati, yenye mdomo wa matundu. "Baada ya miezi miwili nahamishwa," akasema. "Keni hii nitamwachia mmoja wenu, naye ndiye atakuwa mwalimu wa bustani wa Elboru. Kupanda kila mtu anaweza. Mimi nataka kuona nani anajua kufundisha. Na mwanafunzi wenu ni mmoja tu: Mzee Wario."

Wote watatu waliguna. Samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu alikuwa na miaka sabini ya kukauka! Walipomtajia bustani, Mzee Wario aliwajibu akiwa kwenye kigoda chake: "Majani? Mimi na mbuzi tuligawana zamani. Yeye anakula jani, mimi namla yeye."

Boru hakuwa na mpango wowote. Alichimba bustani yake mbele ya mlango wa mzee kwa sababu ardhi ya pale ilikuwa laini. Akapanda juu ya kichuguu, maji yakakimbia. Akatia samadi mbichi, miche ikaungua. Akamwagilia saa saba za mchana, miche ikachemka. Ikafa mara ya kwanza. Ikafa mara ya pili. Mzee Wario siku ya kwanza alicheka, siku ya pili aliguna, siku ya tatu alisimama.

"Lete hilo jembe!" akafoka. "Mtu mzima unaaibisha ukoo mbele ya wageni! Mimi nisiyejua kitu najua kuliko wewe!"

Akachimba. Elema alipopita na kumwona mzee na jembe, nusura adondoshe daftari. Akaanza kazi siku hiyo hiyo. Asubuhi kumi na nne alifika, na asubuhi kumi na nne alisema. Chimba shimo la kina cha goti, maji yatulie. Tia samadi iliyooza. Tandika mkeka juu, upate kivuli. Mwagilia jua likipoa, na maji ya kunawa usiyamwage. Mzee alilalamikia kila neno, na kila neno akalitenda. Alipopewa mbegu za sukuma wiki, alizimwaga zote.

Zikaota. Jamani, zikaota! Mzee alizisalimia kila asubuhi, na ile iliyotangulia kuchomoza akaipa jina la ngamia wake wa kwanza.

Elema akafungua ukurasa mwingine. "Sasa punguza, Mzee. Kila miche kumi, ng'oa tisa, bakiza mmoja. Inabanana. Usipoipunguza itakufa yote."

Mzee Wario akashika fimbo, akasimama kando ya shimo. "Kijana, miaka sabini nimefuga. Sijawahi kuua ndama eti kwa kuwa wamezaliwa wengi. Ondoka."

Siku tatu alilinda. Majani yakaanza kugeuka manjano. Elema akamsomea ukurasa ule ule, kwa sauti kubwa zaidi.

Ndipo akaja Talaso. Yeye mwenyewe, wakati wa mafunzo, alilia alipoambiwa ang'oe, akaificha miche iliyong'olewa ndani ya leso yake. Aliuelewa uchungu wa mzee. Akaketi chini, akauliza: "Mzee, ngamia wako wa maziwa wakizidi, na jirani hana hata mmoja, unafanyaje?"

"Si namwazima! Ndiyo desturi yetu. Maziwa anakunywa yeye, ndama ananirudishia mimi."

Talaso akaionyesha miche. "Basi na hawa waazime."

Mzee Wario akacheka mpaka kilemba kikalegea. Wakainyanyua miche pamoja na udongo wake, wakaizungusha mlango kwa mlango, nyumba kumi na moja. Na kila mlango mzee aliagiza: "Majani ni yenu, mbegu ni zangu. Shimo kina cha goti. Mkeka juu. Na usimwagilie mchana, utakuwa Boru."

Miezi miwili ikatimia. Elboru ikapika sukuma wiki kwa mafuta ya nundu ya ngamia. Mzee Wario alionja, akakunja uso, akaomba sahani ya pili. Lori lilikuwa tayari, injini inanguruma, na Madam Kagendo ameshika keni.

Elema akasema: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali ya watu wa maji hiyo, aliitoa shuleni. "Shimo, samadi, kivuli, vyote nilivisema mimi. Mnachokula hapo ni daftari langu."

Boru akasema: "Na daftari lako lingemfundisha nani, mzee akiwa bado kwenye kigoda? Aliyemnyanyua ni mimi."

"Ulimnyanyua kwa kushindwa!"

"Nilishindwa mbele ya kijiji kizima, ndugu yangu. Wewe ungethubutu?"

Watu wakaangua kicheko. Talaso akasimama. "Mimi sikumfundisha kilimo," akasema. "Nilimkumbusha anachokijua. Tena nilikiuka somo, maana hata mimi kung'oa kulinishinda. Lakini bila neno lile miche ingekufa yote, na bustani isingezaa bustani kumi na moja. Keni naitaka. Naitaka sana." Aliisikia sauti yake mwenyewe, akaistaajabia.

Madam Kagendo akafungua kinywa. Mzee Wario akamwahi.

"Na mimi je? Hawa watatu kwa pamoja wamefundisha mkaidi mmoja. Mimi peke yangu nimefundisha nyumba kumi na moja!"

Vigelegele vikapaa. Na katikati ya vigelegele, mama mmoja akaja mbio kutoka nyumba ya mwisho, jani lililotobolewa mkononi. "Mwalimu!" akaita. "Mwalimu, njoo uone, wadudu wananimalizia!"

Hakutaja jina. Elema aligeuka. Boru aligeuka. Mzee Wario aligeuka. Talaso hakuishia kugeuka. Alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda kwenye ile bustani, na machozi ya furaha yanamtoka.

Dereva akapiga honi. Madam Kagendo akawatazama wote wanne, akaitazama keni.

Haya, mahakimu wangu, lori haliwezi kungoja. Je, keni ile alistahili nani?