Shikamoo Haiinui Ndege

Shikamoo haiinui ndege. Mliisikia jana kwa fundi mkuu, mkacheka mpaka mmoja wenu akadondosha spana. Methali hii ilianza hivi, na ningependa awasimulie mzee aliyekuwapo, ila wengi waliokuwapo hawasimulii tena. Basi mmebaki na mimi.

Kapteni Ngwembele alikuwa amerusha ndege miaka thelathini na mmoja. Msimchukie mapema, alikuwa mtu mwema. Vijana aliowafundisha aliwaita wanawe, nao wakamwita Mzee. Mmoja wao alikuwa Twilumba, binti wa Njombe, ambaye sasa alikuwa rubani msaidizi wake. Kwao Twilumba, mkubwa hakosolewi. Ukiona amevaa kofia kinyumenyume, unaisifu kofia, kisha unasema upepo wa leo unageuza vitu. Atajishika kichwa mwenyewe. Ni njia nzuri sana, ukiwa ardhini.

Asubuhi hiyo, kabla ya kuruka, Twilumba alimwambia kapteni kuwa amesahau mstari mmoja kwenye orodha ya ukaguzi.

"Binti," kapteni akajibu, "orodha hii naijua tangu wewe unanyonya. Leo unataka kunifundisha kutafuna?"

Wahudumu wakacheka. Twilumba naye akacheka, na kicheko kile kikamfunga mdomo.

Saa nne asubuhi walikuwa wakikaribia kiwanja kimoja cha milimani, abiria thelathini na wanane nyuma yao, wingu zito mbele. Ndege za siku hizi zina rubani wa mashine. Unamwambia kimo na mwendo, naye anashika. Hachoki wala haombi chai. Kasoro yake ni moja tu: ukimwagiza vibaya, anatii vilevile. Kapteni alibonyeza kitufe akidhani ameagiza mwendo ushikwe; kumbe ameagiza uachwe. Taa ndogo ya kijani ikazimika, injini zikalegea. Mashine, kwa utiifu wake, ikaendelea kushika kimo kwa kuinua pua ya ndege taratibu, kama punda mchovu anayevutwa kamba apande kilima.

Kapteni alikuwa anatazama nje, anatafuta kiwanja ndani ya wingu. Twilumba aliiona taa. Aliuona mwendo ukishuka.

"Mzee," akasema, "leo ndege ni kama imechoka."

"Ndege haichoki, binti. Umechoka wewe."

Mwendo ukashuka tena.

"Samahani, mzee. Kama hutajali... sijui ni macho yangu..."

"Sema basi."

"Hapana, nilikuwa naona tu, kwa ruhusa yako, labda mwendo..."

Usukani ukaanza kutetemeka, onyo kwamba mwendo hautoshi tena kuibeba ndege. Kapteni akasukuma injini hadi mwisho, upesi, kama inavyotakiwa. Lakini injini iliyolala haiamki papo hapo. Ndege ikaangukia shamba la mahindi, mita mia sita kabla ya kiwanja. Watu kumi na saba hawakutoka.

Waliosikiliza sauti zilizorekodiwa walihesabu. Tangu taa kuzimika hadi neno "mwendo" zilipita sekunde arobaini na nane. Neno lenyewe jaribuni kulisema hapo mlipo, mwone linakula muda gani.

Twilumba alivunjika mguu. Kapteni hakuinuka tena kitandani. Wiki ya tatu binti akaenda hospitali kwa magongo, njia nzima akikariri namna ya kuomba radhi. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

Kapteni hakuitika. Aliangalia dari.

"Shikamoo haiinui ndege, mwanangu."

Twilumba akaanza kulia.

"Usijitwike peke yako," mzee akasema. "Marahaba nayo haiinui. Nimeitikia miaka yote hii nikidhani nafundisha urubani, kumbe nafundisha watu kuniogopa. Siku ile mashine ilinitii, na wewe ukanitii. Nilikosa wa kunikatalia."

Kisha akamwomba jambo moja. "Tuseme taa ile ndiyo imezimika sasa hivi. Niite kwa jina langu, uniambie."

Twilumba akajifuta uso, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Samahani, mzee..."

Kapteni akafumba macho. Alizikwa Alhamisi iliyofuata.

Siku hizi Twilumba ndiye kapteni, na bado anachechemea kidogo. Kila safari msaidizi wake humwamkia, naye huitikia vizuri, maana adabu hajaitupa. Kisha humgeukia: "Sasa niambie, 'Twilumba, umekosea.' Kwa sauti." Wengi hujing'ata ulimi, hutazama viatu, hujichekesha. Yeye hukaa tu, mikono mapajani. Injini haziwashwi mpaka kijana aseme. Huku nyuma abiria wanaguna kwamba ndege imechelewa tena, na hawajui inasubiri nini.

Nyinyi sasa mnajua. Shikamoo haiinui ndege.