Chapuchapu Atulie Siku Tatu

Hadithi, hadithi!

Njoo mbio, tukukamate!

Nyie wa nyuma mnakula nini? Tena, kwa nguvu. Hadithi, hadithi!

Njoo mbio, tukukamate!

Haya. Zamani za zamani, wanyama na watu walipokuwa wanaongea lugha moja, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Mjumbe wa kijiji alikuwa Beberu. Walimchagua kwa sababu ya ndevu. Akili? We acha tu.

Hapo kijijini aliishi mama mtu mzima, Bi Zuwena. Nyumbani kwake walikuwa watatu: yeye, Paka, na mbwa anaitwa Chapuchapu.

Jamani, mbwa yule! Asubuhi anakimbia. Mchana anakimbia. Akikosa wa kumkimbiza, anakimbiza mkia wake. Akiukamata anauuma, halafu anapiga kelele, "Nani kaniuma?"

Siku moja watu wameanika mpunga uliotangulia kuiva kwenye majamvi. Chapuchapu akapita juu yake, fyaaa! Akarudi, fyaaa! Akapita mara ya tatu, na mdomoni ana kandambili ya Mjumbe.

Beberu akaja anachechemea. Miguu minne, kandambili tatu.

"Bi Zuwena!"

"Abee, Mjumbe."

"Nakupa siku tatu. Mbwa wako atulie. Asipotulia, tunamvusha mto akaishi na Fisi."

"Heee! Fisi si atamla?"

"Hayo wataongea wenyewe huko huko."

Bi Zuwena akalia. Hana mume, hana mtoto. Mtu wake wa kupiga naye stori jioni ni huyo huyo Chapuchapu, hata kama anasikiliza huku anazunguka nyumba.

Sasa Paka alikuwa kajilaza hapo barazani. Akafungua jicho moja. Siku nyingi alikuwa anautamani mkeka wa Chapuchapu, ule wa jikoni karibu na moto. Akasema, "Mama, usilie. Mfunge kamba kwenye kinu. Atatulia."

Siku ya kwanza Bi Zuwena akamfunga kwenye kinu. Chapuchapu akaona kuku. Akatoka! Kinu nyuma, gudugudu-gudugudu-gudugudu! Kikaangusha uzio, kikaangusha choo, na ndani ya choo alikuwemo mtu.

Ametulia?

Hajatulia!

Siku ya pili Paka akasema, "Mama, mshibishe. Akivimbiwa hainuki."

Bi Zuwena akasonga ugali sufuria nzima. Chapuchapu akala, akalamba mwiko, akalamba sufuria, akalala. Bi Zuwena akasema, "Alhamdulillahi." Hajamaliza kusema, mbwa kaamka. Mwanzo alikuwa na nguvu za mbwa mmoja, sasa ana za mbwa watatu! Akapanda juu ya paa akawa anabweka huko huko.

Ametulia?

Hajatulia!

Siku ya tatu Bi Zuwena hana hata machozi. Paka akasema, "Mpeleke na kamba mpaka shambani kwa Mjumbe, umfungulie. Akichoka mbio, atatulia." Moyoni anasema, akikanyaga mpunga wa Beberu, leo leo anavushwa mto, na mkeka ni wangu.

Wakaenda. Kumbe wiki nzima kijiji kilikuwa kinaamia ndege. Kwelea wamekuja kama wingu, na watu wako juu ya madungu, vile vichanja virefu vya shambani, wanapiga kelele, "Haaya! Haaya!" kuwafukuza. Wamepiga kelele mpaka sauti zimeisha. Beberu mwenyewe yuko juu ya dungu, anafungua mdomo, inatoka "khh" tu. Ndege wanamwangalia, wanaendelea kula.

Bi Zuwena akafumba macho, akamfungulia.

Chapuchapu akawaona kwelea. Mpunga hakuugusa. Ulikuwa umesimama kwenye maji, na yeye maji hayataki. Akapita juu ya matuta, mbio! Ndege wakaruka. Wakatua upande wa pili. Mbio! Wakaruka. Wakatua katikati. Mbio! Asubuhi mpaka adhuhuri, adhuhuri mpaka jua linazama, ndege hawajapata punje. Mwisho wakasema, "Tuondokeni, huyu mwehu."

Chapuchapu akarudi kwa Bi Zuwena anapepesuka. Akaweka kichwa miguuni kwake, akakoroma.

Ametulia?

Katulia!

Beberu akashuka kutoa hukumu. Watu wote wakasogea. Akafungua mdomo. "Khh." Akanyoosha kwato kwa mbwa, akanyoosha kwa shamba. "Khh, khh."

Paka akaruka mbele. "Mimi nimemwelewa! Mjumbe anasema mbwa apelekwe kwa Fisi sasa hivi!"

Beberu akatikisa kichwa mpaka ndevu zikampiga machoni. Akarudi nyuma hatua tatu. Akaja na pembe, puu! Paka akaruka hewani, akatua kwenye maji ya mpunga, chubwi!

Halafu Beberu akavua kandambili zake zote tatu, akaziweka mbele ya Chapuchapu. Hapo kila mtu akaelewa: mbwa havushwi mto, kapata kazi.

Tangu siku hiyo Chapuchapu anaamia ndege, na jioni analala kwenye mkeka wake huku Bi Zuwena anampa stori. Na Paka? Paka akapewa dungu. Chapuchapu akipumzika, yeye ndiye anayefukuza ndege, "Nyau! Nyau!" Ndege wanacheka mpaka wanadondosha mpunga.

Mmesikia? Mwenye nguvu nyingi usimfunge wala usimvimbishe, mtafutie kazi inayomtosha. Na ushauri usiombe kwa anayetamani mahali pako pa kulala.

Mimi hapo nimeishia, koo limekauka. Aliyesikia akamsimulie aliyesinzia.