Vizibo Sita kwa Mpigo Mmoja

Kabla sijaanza, nyinyi mliokwisha kukunja pua, zishusheni. Mtu akiwaambia kwamba jirani ana jini la kurithi linalokula halua, mnaitikia, na mwingine anaongezea jina la jini. Mimi nikisema jiwe linakula, mnatazamana. Tumbawe ni kiumbe. Lina vinywa vidogo mamia, linakula, linakua, linajijengea nyumba, na nyumba zake ndizo wazee wetu walizochimba wakajengea hizi kuta mlizoziegemea. Basi nyamazeni. Wala msihofu: katika mfano huu hakufa mtu, na jiwe pia halikufa.

Kulikuwa na mwanamke mmoja na mumewe, watu wazima, watoto wao wote wana nyumba zao. Mume alipostaafu kazi ya bandarini hakununua mbuzi wala hakuoa mke wa pili. Alinunua tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, akaliweka ukumbini, akalitia maji ya bahari, taa, pampu, samaki wanne na matumbawe kumi na moja. Akiamka, kabla hajamtazama mtu, analitazama tangi. Mwanamke akalipa jina: mke mwenza.

"Mke mwenza kaamkaje?" huuliza akipita na birika la chai.

"Alhamdulillahi," hujibu mume, na kejeli imempita juu ya kofia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pana kazi. Tumbawe, ili lijenge, linataka vitu viwili ndani ya maji: chokaa na magadi. Si chokaa ya kupaka ukuta wala magadi ya kulainishia maharage, lakini ni jamaa zao. Kila siku matumbawe huvuta vyote viwili, na kwa kuwa tangi si bahari, lazima mtu arudishe kilichovutwa. Chokaa peke yake haijengi. Magadi peke yake hayajengi. Na vikikutana vikiwa vikali, havijatawanyika majini, vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kuwa vumbi jeupe, na tumbawe linabaki na njaa yake.

Mume akaitwa hospitali ya mbali kupasuliwa jicho. Akamkabidhi mkewe chupa mbili.

"Hii ya chokaa, kizibo kimoja asubuhi. Hii ya magadi, kizibo kimoja jioni. Kila siku. Na zisikutane."

"Kama wake wenza," akasema mwanamke.

"Kama wake wenza," akasema mume, na mara hiyo akacheka.

Siku mbili alitia. Siku ya tatu ikaingia harusi ya mpwa wake, na harusi zetu mnazijua: mtu anakwenda kusaidia kuchambua mchele, anarudi kwake siku ya sita na sauti imemkauka. Alikuwa akipita nyumbani kuoga tu. Samaki hakuwasahau. Samaki wana macho. Wakimwona mtu wanakuja kwenye kioo wanafungua midomo, na mwanamke yule hakuweza kumpita afunguaye mdomo. Tumbawe haliji. Tumbawe haliombi. Wewe nyumbani kwako yuko nani asiyeomba? Na mara ya mwisho ulimpa nini?

Siku ya tisa asubuhi simu ikalia: mume ameruhusiwa kutoka, kesho anarudi. Ndipo mwanamke alipotazama. Matumbawe yamejikunja yote, yamekuwa mawe matupu. Akachukua kile kichupa cha kupimia magadi, kama alivyofundishwa: unatia maji kidogo, unadondosha dawa tone kwa tone, unahesabu mpaka rangi ya buluu igeuke manjano. Siku zote iligeuka tone la nane. Leo imegeuka la tano.

Hofu ikamwingia, na si kwa ajili ya mawe. Mtaa mzima ulijua jina alilolipa tangi lile. Matumbawe yakifa mikononi mwake, nani ataamini kwamba alisahau? Mumewe atasema kamuua mwenzake. Na neno la namna hiyo likishaingia kati ya watu waliolala kitanda kimoja miaka thelathini na nne, halitoki kwa sabuni.

Basi akafanya alilofundishwa tangu alipovunja ungo. Akalipa kadha. Kuna mwanamke hapa asiyejua kuhesabu siku zilizompita za Ramadhani na kuzilipa? Akahesabu kwa vidole, akapata sita. Vizibo sita vya chokaa, vizibo sita vya magadi, pembe ile ile ya tangi, kwa mpigo mmoja, na Bismillahi juu.

Maji yakawa tui. Tui la kwanza, lile zito. Samaki wakapotelea ndani.

Akasimama na kizibo mkononi. Angeweza kusema umeme ulikatika, na nani angembishia, umeme wetu huu? Alilifikiria hilo, tena kwa kitambo kizuri. Kisha akapiga simu.

"Bwana, nimemwaga."

"Umemwaga nini?"

"Kadha. Siku sita sikutia, nimezitia zote sasa hivi. Maji yamekuwa tui."

Huko hospitalini akasikia magurudumu ya kitanda yakipita.

"Chokaa na magadi pamoja?"

"Pamoja."

"Bibi we," akasema mume, "nani aliyekufundisha kwamba kadha ya siku sita hufungwa siku moja?"

Akalitoa lililokuwa moyoni. "Sikukusudia kuliua."

"Najua. Ungekusudia, ungechomoa waya wa pampu siku niliyoondoka, ukaenda zako harusini umetulia."

Akakaa sakafuni, simu sikioni, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Sasa nitie nini?"

"Usitie kitu. Mikono yako ikalie. Pampu iache izunguke. Kesho napita kuchukua madumu mawili ya maji safi ya bahari, tutatoa kidogo, tutatia kidogo."

Akaikalia mikono yake. Jaribuni siku moja muone ilivyo kazi, mwanamke kukaa mbele ya kosa lake bila kuongeza kitu.

Kulipokucha vumbi lilikuwa limetua mchangani, na samaki wote wanne wakahesabika. Mume akaja na jicho limefunikwa pamba, wakabadilisha maji, wakasugua pampu iliyoshika ukoko kama wa birika. Siku ya tatu, baada ya alasiri, kinywa kimoja kikatokeza. Kisha kumi. Kisha tumbawe zima likafunguka kama kiganja cha mtoto anayeamka, na yale mengine yakafuata. Moja tu lilipoteza ncha, kiasi cha ukucha. Mwanamke akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, na safari hii hapakuwa na kejeli.

Mnadhani imekwisha? Mnataka kuvaa viatu?

Jioni ile mume akafungua begi lake. Akatoa doti nne za kanga. Akatoa marashi, cheni ya dhahabu, viatu vya ngozi laini. Akaanza kusema, mtu ambaye kwa mwaka mzima husema "chai" na "mlango". Akasema alilala kafungwa macho siku nane, akaona maisha yake yote. Akasema amemkosea, kwamba hakumshukuru kwa watoto, hakumpeleka popote, na mwakani watakwenda Umra, na nyumba ataiandika jina lake. Mikono inatoa, mdomo unatoa, kitanda hakionekani kwa vitu.

Mwanamke alimtazama. Zamani angelia. Lakini ndani yake alijiona anajikunja, hana pa kuvitia vyote vile.

"Bwana," akasema, "unafanya nini?"

"Nalipa."

"Vizibo vingapi hivyo?"

Mume akabaki na kanga mkononi. Mwanamke akachukua doti moja, ile ya bei ndogo, akavirudisha vingine begini mwenyewe. "Kesho asubuhi," akasema, "kabla hujatazama kioo, niulize nimeamkaje. Keshokutwa niulize tena. Basi."

Akamuuliza. Siku ya kwanza aliuliza kama anayesoma barua ya mtu mwingine, naye akajibu "Salama" tu. Siku ya tisa mwanamke alimwambia habari za goti lake.

Sisi je? Mama yako hajasikia sauti yako tangu Rajabu, siku ya Idi unamshushia mchele, doti na machozi kwa pamoja, kisha unakwenda kusema mama amekuwa mgumu, hana shukrani. Hakukataa. Umemtilia tui. Na wewe uliyejaza gesi na unga ndani ya nyumba, ukaona umemaliza, neno uliliweka wapi? Chokaa tupu hiyo. Mwenzako ana maneno ya asali na jiko lake baridi; naye ajitazame. Tunamkimbilia anayefungua mdomo, na asiyeomba tunasema hana shida.

Lakini shukuruni, kama alivyoshukuru yule. Vumbi hutua. Aliyejikunja hajafa. Hakuna anayetaka umlipe miaka yote leo, na ukimlipa yote leo utamuumiza. Kizibo kimoja tu, na kesho kizibo kimoja.

Msinifuate na maswali. Mwenye swali ana simu mkobani, na mama yake ana namba. Mimi natoka, na mlango naurudisha.